Barua ya wazi: Michoro ya wenzetu waliotangulia yahitaji chumba kikavu

Kwa Waziri wa Kaunti ya Lamu anayesimamia utamaduni, kwa Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti, na kwa wasimamizi wa makumbusho ya hapa Lamu.

Assalaam aleikum, na salamu kwa ndugu zetu wote wa visiwani na wa bara.

Sisi wachora katuni wa Lamu tunaomba vitu sita: chumba kimoja kikavu, mashine ya kufyonza unyevu, kabati la droo, friza, skana, na ubao wa matangazo wenye kioo kwenye gati. Hatuombi sanamu, wala njia ipewe jina la mtu, wala tamasha la kila mwaka la kuwakumbuka wenzetu waliofariki. Hayo yakija, yaje baadaye. Mchora katuni akifariki huacha karatasi, na karatasi zikiachwa kwenye hewa ya Lamu bila matunzo, masika moja yatosha kuzitia kawa, yaani madoa ya kuvu.

Mji huu una desturi ya kuhifadhi maneno. Mashairi ya kujibizana ya wakati wa vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, yametufikia kwa sababu watu waliyashika moyoni na wengine wakayanakili kwa mkono. Katuni haishikiki moyoni. Unaweza kumsimulia mtu kichekesho chake, lakini mstari wenyewe, jinsi mchoraji alivyomkunja punda shingo au alivyomtia mheshimiwa tumbo, haurudi karatasi ikishapotea.

Nchi nzima inamjua Juha Kalulu, mhusika wa katuni za Edward Gitau, kwa sababu gazeti la Taifa Leo lilimchapa kwa miongo mingi. Jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Terry Hirst pamoja na Hilary Ng'weno, lilisomwa mijini kote. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeishi na kuchora Nairobi mpaka alipofariki katika ajali ya matatu mwaka 2012, kazi zake zilitoka magazetini. Kazi za watu hao zilitawanyika katika nakala nyingi, ikipotea moja ipo nyingine. Wachora katuni wengi wa huku kwetu hawakuchapwa hivyo. Walichora mabango ya chanjo, vichekesho vya magazeti ya ukutani ya shule, matangazo ya mashindano ya punda na ya mashua, katuni za wakati wa uchaguzi zilizobandikwa kwenye uwanja wa Mkunguni na kung'olewa kesho yake. Nakala ni moja tu, ile iliyotoka mkononi.

Na hata iliyochapwa gazetini, ya mkononi ina mengi zaidi. Chukueni karatasi moja ya asili muiangalie karibu na dirisha, mwanga ukija kwa ubavuni. Chini ya wino mweusi mtaona mistari hafifu ya penseli ya samawati. Waliofanya kazi na matbaa walipenda rangi hiyo kwa sababu filamu ya matbaa ya zamani haikuinasa, kwa hiyo hawakuwa na haja ya kuifuta. Kwenye uso wa mtu aliyechorwa pana kiraka cha wino mweupe, na ukikiinamisha mwangani, pua ya kwanza bado ipo chini yake, ndefu kuliko iliyochapishwa. Ukingoni mhariri ameandika kwa kalamu nyekundu: punguza, safu tatu. Kijana anayejifunza kuchora hupata pale somo ambalo hatalipata kwenye kipande cha gazeti. Isitoshe, karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa rojo ghafi la mti uliosagwa, ndiyo maana hugeuka manjano na kuvunjika ukiikunja. Kipande cha gazeti kinachohitajika kitolewe fotokopi mapema juu ya karatasi nzuri, kisije kikawa ndiyo kumbukumbu pekee.

Sasa tuseme kwa nini nyumbani hapatoshi. Nyumba za mji wa kale karatasi za thamani huwekwa kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, au sandukuni chini ya kitanda. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya ardhini na kuyapandisha juu. Uliojengwa kwa mchanga wa pwani una chumvi ndani, na chumvi huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo ukuta hutoka jasho hata siku isiyo na mvua. Karatasi iliyouegemea hunywa unyevu huo polepole, na mwenye nyumba hajui mpaka aione ina madoa. Ukuta wa zamani uliokandikwa saruji juu ya matumbawe ni mbaya zaidi kuliko wa chokaa, kwa sababu saruji huziba njia ya unyevu kutoka, nao hupanda juu zaidi ukitafuta pa kupumulia. Kwa yeyote anayesoma barua hii na ana michoro nyumbani: itoeni ukutani leo, iacheni nafasi ya kiganja kizima kati yake na ukuta, na muinyanyue sentimita 15 kutoka sakafuni.

Chumba tunachoomba ni cha mita 3 kwa 4. Kiwe ghorofa ya kwanza, juu ya unyevu wa ardhi, na kiwe na ghorofa nyingine juu yake, maana kilicho moja kwa moja chini ya dari la mwisho hupata kila tone linalovuja. Paa la makuti halifai kabisa kwa hofu ya moto. Juu yake pasiwe na choo wala tangi. Kuta ziwe za chokaa. Kama kitatolewa ndani ya Ngome ya Lamu, ambayo ilikuwa jela hadi 1984 na sasa ni makumbusho, tunaomba kiwe cha juu.

Kuvu huanza kuota unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 hivi kwa siku kadhaa. Karatasi hustarehe kati ya 45 na 55. Hewa yetu ya nje hupita kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo kufungua madirisha hakusaidii isipokuwa siku kavu za kaskazi. Inahitajika mashine ya kufyonza unyevu inayoweza kutoa lita 20 kwa siku, na mpira wake upeleke maji nje wenyewe. Mashine inayotegemea ndoo hujizima ndoo ikijaa, na siku ya mapumziko hakuna wa kuimwaga. Pia vipima unyevu viwili, kimoja chumbani na kimoja ndani ya droo, visomwe na kuandikwa asubuhi na alasiri. Bila daftari hilo hakuna atakayejua kwamba mashine imechoka, mpaka kuvu iseme.

Tafadhali msitupe kiyoyozi badala ya mashine hiyo. Kiyoyozi cha ofisi huwashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Mchana kutwa karatasi hupoa, jioni kikizimwa hewa ya bahari huingia, na unyevu hutua juu ya kila kilicho baridi kama umande. Fanya hivyo mwaka mzima na umezilowesha karatasi kila usiku kwa gharama kubwa ya stima. Chumba chenye joto la kawaida lakini kikavu na kisichobadilikabadilika ni bora kuliko chumba cha baridi saa nane kwa siku. Umeme ukikatika, unyevu ndani ya kabati lililojaa na kufungwa vizuri hubadilika polepole, hivyo kinachotakiwa ni kutolifungua.

Kabati liwe la chuma kilichopakwa rangi ya kuchomwa kiwandani. Mbao hutoa mvuke wenye asidi, na mchwa wanaijua njia. Chuma kisichopakwa vizuri nacho hushika kutu huku kwetu upesi mno, kwa hiyo kila mkwaruzo uguswe rangi siku hiyo hiyo. Droo ziwe 10, kila moja sentimita 65 kwa 90 kwa ndani, kina sentimita 5 na si zaidi. Droo yenye kina kirefu hujazwa mpaka karatasi za chini zinapondeka, na kuzitoa ni kuzichana. Ukubwa huo hupokea mafungu manne ya karatasi za A3 yaliyolala bega kwa bega. Ukiweka karatasi 50 katika kila fungu, kabati zima linabeba karatasi 2,000. Liagizwe kwa vipande viwili vya droo tano tano, kwa sababu litavuka kwa mashua kutoka Mokowe, kisha libebwe vichochoroni ambako punda wawili wenye mizigo hawapishani.

Friza ni kwa ajili ya wadudu. Mzigo wowote unaotoka nyumbani huenda una mchwa, mende, au wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaotafuna gundi na uso wa karatasi. Usipozuiwa mlangoni, utaambukiza kabati zima. Kazi yenyewe si ngumu. Karatasi huwekwa kati ya kadi mbili safi, hufungwa ndani ya mfuko mzito wa plastiki, hewa ikakamuliwa na mdomo wa mfuko ukabandikwa. Friza ikae nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili mfululizo. Stima ikikatika mpaka friza ikalegea, hesabu inaanza upya. Mfuko ukitolewa usifunguliwe mpaka saa 24 zipite, ili umande utue nje ya plastiki na si juu ya wino. Lamu haina uhaba wa friza, lakini hii isiwe ya samaki hata siku moja. Ifahamike pia kuwa baridi huua wadudu, haiui kuvu, huilaza tu. Kuvu yenyewe kwanza huachwa ikauke kivulini, feni ikipuliza kando na si juu ya karatasi. Mbichi ukiigusa inapakaa. Ikishakuwa unga hupanguswa kwa brashi laini, nje ya nyumba, upepo ukiwa mgongoni, na mwenye kupangusa avae barakoa ya N95. Wenye pumu wasiikaribie kazi hiyo. Kuna nyumba zinazofukiza udi kabatini kwa nia njema. Moshi hauui kuvu, na mafuta yake hubaki juu ya karatasi na kuitia rangi ya kahawia.

Jambo linalotuuma zaidi ni michoro inayoharibiwa na wanaoipenda. Mtoto wa marehemu hukuta karatasi imechanika, akaibandika selotepu. Baada ya miaka michache plastiki hubanduka, gundi yake ikabaki imeingia ndani ya karatasi, ya manjano, haitoki. Mwingine humheshimu baba kwa kupeleka mchoro wake bora dukani ukafunikwe pande zote kwa plastiki ya moto (lamineti). Hapo gundi imeyeyushwa ndani ya nyuzi za karatasi, na hakuna fundi atakayeitenganisha bila kupoteza wino. Mchoro uliochanika uwekwe ndani ya karatasi safi iliyokunjwa, basi, usubiri. Pini na stapla zitolewe kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kutu yake hula mviringo kamili kuzizunguka. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali nayo haifai, huganda na wino. Na mchoro wa makapeni (kalamu nene za rangi) au bolpeni usitundikwe sebuleni mkabala na dirisha, maana rangi zake huchujuka kwa mwanga. Wino mweusi wa kaboni ndio unaostahimili. Maonyesho yakifanywa, mwanga juu ya karatasi usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na kila karatasi ipumzike gizani baada ya miezi mitatu.

Kuhusu nakala za kompyuta, tunaomba skana bapa ya A3. Ile ya kumeza karatasi yenyewe isitumike kamwe kwa kazi za asili, kwani ikikwama hukunja na kuchana. Mchoro unaswe kwa nukta 600 kwa inchi, kwa rangi, hata kama ni wa wino mweusi mtupu. Ukinaswa kwa nyeusi na nyeupe, penseli ya samawati na maandishi ya mhariri vyapotea. Karatasi moja ya A3 kwa kiwango hicho ni takriban megabaiti 209, kwa hiyo kabati zima la karatasi 2,000 ni kama gigabaiti 420, yaani linaenea katika diski moja ya terabaiti 1 na nafasi ikabaki. Ziwepo diski tatu, moja ikae nje ya kisiwa. Diski zote tatu katika jengo moja ni sawa na diski moja pindi moto au maji yakiingia. Na kila mwaka zifunguliwe zijaribiwe.

Kila karatasi iandikwe namba nyuma, pembeni chini, kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu. Daftari litaje mchoraji, tarehe, ukubwa, kifaa alichotumia na maneno yaliyoandikwa ndani ya mchoro. Kisha ije sehemu ambayo hakuna mashine itakayotufanyia, nayo ni maelezo. Katuni hukosa maana haraka kuliko kitu kingine chochote kilichochorwa. Samaki aliyevaa tai na kushika risiti ilichekesha mji mzima wiki iliyochorwa. Baada ya miaka 20 ni samaki tu aliyevaa tai. Lazima mtu aandike sentensi mbili tatu: ni nani, ni jambo gani lilikuwa likizungumzwa barazani, bei ya nini ilipanda. Wanaokumbuka ni wazee, nao wanaondoka. Kwa hiyo, chumba kikichelewa, daftari lisichelewe. Hilo laweza kuanza kwa kalamu na chai, na tuko tayari kukaa na wazee wetu hata kesho.

Kufika kwa familia kuna adabu yake. Matanga si wakati wa kuulizia karatasi. Lakini wakati huo huo ndipo chumba cha marehemu hufanywa cha wageni, na makaratasi hupelekwa juu ya dari au chini ya ngazi. Njia inayofaa ni kwamba jamaa mmoja aombwe kwa upole kuyaweka yote pamoja mahali pakavu bila kuyapanga wala kuyatupa, basi. Mjane akiwa edani, miezi minne na siku kumi, wazungumzaji wawe wanawake wa chama chetu cha wachora katuni au maharimu wake, yaani jamaa wasioweza kumwoa. Mpeketoni na kwingine ambako mazishi huchukua siku zaidi, utaratibu ufuate wa wenyewe. Hata namna ya kukumbuka iulizwe. Familia nyingine hupenda picha ya mtu wao itundikwe, nyingine hazipendi, na hakuna ubaya: kalamu zake na mchoro mmoja wa mkono wake vyatosha.

Sheria nayo iko wazi. Hakimiliki ya michoro nchini Kenya hudumu maisha ya mchoraji na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Aliyefariki 2012, kazi zake zina mwenyewe hadi mwisho wa 2062. Kutunza karatasi si kuzimiliki, na wala si ruhusa ya kuzichapa kwenye kalenda ya kaunti. Tunapendekeza fomu ya ukurasa mmoja yenye maswali matatu yanayojibiwa kila moja peke yake: je, familia inaazima au inatoa? Je, nakala zaweza kuonyeshwa? Je, zaweza kuchapwa kwa malipo, na malipo yaende kwa nani? Warithi wakiwa hawajaafikiana, karatasi zipokelewe kwa kuazima tu mpaka mirathi iamuliwe, kwa kadhi au mahakama nyingine inayohusika.

Ubao tunaouomba kwenye gati ni kwa ajili ya walio hai. Wanachama wametawanyika Faza, Siyu, Pate, Kiunga na Mpeketoni, na si kila mahali simu inashika vizuri. Mtu husikia mwenzake amefariki maji ya bahari yameshapwa na kujaa mara kadhaa. Tunataka kutoa karatasi moja kila mwezi, A3 iliyokunjwa ikawa kurasa nne za A4: nani mgonjwa, nani kachapishwa, vifaa vipi vimefika, na ukurasa wa nne uwe wa aliyetangulia, kwa kazi yake mwenyewe na maelezo yake. Nakala ziende kwa mashua zile zile zinazobeba abiria. Kwa wachoraji wenzetu: mchoro wa A3 ukipunguzwa kuwa A4 unabaki asilimia 71, mstari wa milimita 0.3 unakuwa 0.2 na fotokopi iliyochoka inaumeza. Msishuke chini ya 0.5. Kivuli kitiwe kwa mistari ya kukatana, si kwa wino uliochanganywa na maji, maana fotokopi hugeuza kijivu kuwa doa jeusi au isikione kabisa. Nakala ya ubaoni itolewe kwa printa ya leza. Ya wino wa maji haimalizi mwezi kwenye jua, na tone moja la mvua huifuta. Ubao wenyewe uwe na kioo, mwavuli wa bati juu wa sentimita 20, na matundu chini, la sivyo kioo kitajaa ukungu kwa ndani na hakuna atakayesoma.

Lipo sharti moja, nalo tunalisema wazi kabla ya kupewa chochote. Ufunguo wa kabati uwe wa pande mbili, makumbusho na chama, na iandikwe kwamba hakuna mchoro utakaoondolewa kwa sababu umemkera kiongozi, awe aliyepo, aliyepita au ajaye. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Wenzetu waliotangulia walichora wakubwa wa kila zama, na wengine walilipia. Kabati likichujwa libaki na punda na machweo peke yake, tutakuwa tumewazika mara ya pili.

Jedwali la Nne la Katiba limeziweka maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni za kaunti mikononi mwenu, kwa hiyo hatuombi fadhila iliyo nje ya kazi yenu. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Tunaomba chumba, kabati, mashine ya unyevu, friza, skana na ubao viingie katika mpango huo kama mradi mmoja wenye jina, si chini ya kichwa cha mengineyo, kwa sababu mengineyo ndiyo hukatwa kwanza. Kama fedha hazitatosha vyote mwaka wa kwanza, vianze chumba na mashine ya unyevu. Kabati laweza kungoja, karatasi zikalazwa juu ya meza. Kazi ya kuandika daftari, kusafisha na kunasa nakala tutaifanya wenyewe bila malipo, na tutawafundisha watumishi wawili wa makumbusho watakaochaguliwa.

Tunaomba jibu kwa maandishi, likitaja chumba gani kinafikiriwa, ili tuje na vipima unyevu tukikague kabla ya masika.

Wenu,
Wachora katuni wa Lamu